Tarikhi ya Majina ya Dawa za Usingizi

Watu wa pwani hawakuridhika na neno moja la usingizi. Lepe ni lile linalomjia mtu akiwa angali ameketi na wenzake barazani. Kusinzia ni kule kuangukwa na kichwa kifuani na kuzinduka kwa haya. Fofofo ni kulala kwa mtu aliyeshinda shambani au baharini. Na usingizi wa pono, ulioitwa kwa jina la samaki anayejulikana kwa kulala kwake, ndio ule ambao adhana ya alfajiri humpita mtu asiisikie. Kando ya maneno hayo yako mengine yasiyo ya usingizi hasa lakini yanapakana nao, kama vile ganzi, kuduwaa, kulewa, kuzirai na kuzimia, na mwisho wa msururu huo ni mauti, ambayo Wayunani na Waarabu wote wawili waliyahesabu kuwa ndugu wa usingizi.

Matabibu wa kale waliujua vyema msururu huu, kwa kuwa dawa walizokuwa nazo zilikuwa chache na za jamaa moja, na kila moja katika hizo, kwa kadiri ya uzito uliopimwa mizanini, iliweza kumfikisha mgonjwa katika daraja yoyote, kuanzia ganzi ya jino linalouma hadi kaburini. Ndiyo maana majina ya dawa hizi, tukiyafuata tangu Uyunani hadi Nairobi, hutufunza juu ya aliyetoa jina kuliko juu ya dawa yenyewe. Tabibu aliiita dawa kwa kazi aliyotaka ifanye. Mfanyabiashara akaiita kwa ahadi aliyotaka isadikiwe. Na yule aliyesimama kando ya kitanda, au aliyeamka asubuhi hana hata senti mfukoni, akaiita kwa yale aliyoyaona kwa macho yake.

Tuanze na matabibu. Wayunani walikuwa na neno narke, maana yake ganzi, na kwa neno hilo hilo walimwita samaki mmoja wa jamii ya taa ambaye akiguswa humtia mtu ganzi mkononi. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2 baada ya Masihi, alitumia sifa iliyotokana na neno hilo kwa dawa zinazoondoa hisia, na humo ndimo zilimotoka lugha nyingi za Ulaya na jina lao la dawa za namna hii. Ilipofika karne ya 9, wafasiri wa Baghdad, akiwemo Hunayn bin Ishaq, walipovigeuza vitabu vya Galen kuwa vya Kiarabu, walilitafutia neno hilo ndugu yake katika lugha yao, nalo ni khadar, ganzi. Basi dawa ikaitwa mukhaddir, yaani yenye kutia ganzi, na ile yenye kulaza hasa ikaitwa munawwim, kutokana na naumu, usingizi. Katika kitabu chake cha tiba, Qanuni, alichokimaliza karibu na mwaka 1025, tabibu Ibn Sina aliziweka pamoja dawa hizo: afyuni iliyo kubwa yao, banji, na mzizi wa yabruhi, ambao umbo lake hufanana na mwanadamu mwenye miguu miwili. Kwa mujibu wa hekima ya zama zile, kila dawa ilikuwa na tabia ya moto au baridi, ya ukavu au umajimaji, katika daraja nne. Na afyuni ilihesabiwa kuwa baridi na kavu katika daraja ya nne, iliyo ya mwisho, ambayo baridi yake ikizidi huzima joto la uhai wenyewe. Mukhaddir, basi, katika kalamu ya Ibn Sina, lilikuwa neno la ilimu lisilo sifa wala lawama, nalo lilimwambia mwanafunzi afanye kazi na mizani karibu.

Ama afyuni yenyewe hupatikana kwa namna ambayo haikubadilika sana tangu zama hizo. Maua ya mmea wake yakisha kupukutika, hubaki tunda bichi, la mviringo, lenye taji juu yake. Mkulima huja jioni akalichanja kwa kisu chenye makali membamba, asizamishe, maana akizamisha utomvu huingia ndani ukapotea. Usiku kucha maziwa meupe huvuja, hugeuka rangi ya kahawia na kuganda, na asubuhi hukwanguliwa kwa bamba la chuma. Utomvu huo Wayunani waliuita opion, neno linalotokana na utomvu wa mti kwa jumla. Waarabu wakasema afyun. Na sisi tukalipokea likiwa afyuni, limevuka bahari mbili bila ya kubadilisha maana.

Kwamba matabibu walizijua hatari za dawa hii, ushahidi upo katika maisha ya Ibn Sina mwenyewe. Mwanafunzi wake Juzjani, aliyeandika habari zake, amesimulia kwamba tabibu huyo, alipokuwa akijitibu maradhi ya tumbo yaliyomsumbua mwishoni mwa umri wake, aliagiza atengenezewe dawa mchanganyiko ambayo ndani yake mlikuwa na afyuni kidogo. Na baadhi ya watumwa wake, waliokuwa wamemwibia mali nyingi na kuhofia adhabu iwapo angepona, walizidisha afyuni katika chombo. Yeye aliyewafundisha watu kupima akapewa dawa isiyopimwa. Hakufa kwa hiyo dawa, bali maradhi yalimrudia, naye akafariki mwaka 1037 mjini Hamadan.

Ulaya ya karne za kati ilizipokea ilimu hizi, na waganga wake wakaziongezea ufundi wao. Vitabu vyao vya dawa, tangu karne ya 9, vinaeleza sifongo ya usingizi: sifongo ya baharini ililowekwa katika maji ya afyuni, banji, yabruhi, forosadi na mbegu za letusi, ikaanikwa juani hata ikakauka, ikawekwa akiba; siku ya kumkata mgonjwa mguu, sifongo ilitiwa katika maji ya moto, ikashikizwa puani pake hata akalala, na kazi ilipokwisha aliamshwa kwa siki au maji ya shamari. Theodoric, tabibu wa Bologna wa karne ya 13, aliieleza katika kitabu chake cha upasuaji. Karne nne baadaye Mwingereza Thomas Sydenham alitengeneza laudani yake kwa kuloweka afyuni na zafarani katika mvinyo, akatia mdalasini na karafuu, ili uchungu wa utomvu ufichwe na harufu ya viungo. Laudani ya namna hiyo iliuzwa Uingereza katika maduka ya kawaida hadi sheria ya mwaka 1868 ilipoikabidhi kwa wauza dawa, na katika miji ya viwanda watoto wachanga walinyweshwa maji matamu yenye afyuni, yaliyoitwa Godfrey's Cordial, ili walale mchana kutwa wakati mama zao wako mashineni; na wako waliolala wasiamke tena.

Pwani yetu nayo ilikuwa na maneno yake, mengine yaliyokuja kwa jahazi na mengine yaliyoota hapa hapa. Banji ya Ibn Sina ni mmea mmoja, na bangi ya Waswahili ni mwingine kabisa, ijapokuwa majina yao yanafanana kwa kutamkwa. Ya kwanza imekuwa kwa Waarabu wa leo jina la nusukaputi ya hospitali, na ya pili imekuwa kwetu jina la jani linalomfikisha mtu kituo cha polisi. Majuni, ambayo asili yake kwa Kiarabu ni kitu kilichokandwa kama unga, ilikuwa tamutamu ya kuliwa, iliyotiwa bangi au afyuni pamoja na viungo. Mnanaha, mmea wenye maua marefu mfano wa tarumbeta na matunda ya miiba, ulijulikana kwa kuwapumbaza watu na kuwarusha akili. Naye msafiri Richard Burton, aliyeingia bara kutoka pwani mwaka 1857, ameandika kwamba watu waliuvuta kama tumbaku kwa ajili ya pumu.

Lakini katika maneno yote ya pwani hakuna lililosafiri kama kasumba. Katika Kathiawar na Kutch, nchi walizotoka wengi katika wafanyabiashara wa Kihindi walioweka maduka yao Unguja, Mombasa na Bagamoyo, na pia katika Rajasthan, afyuni ilisagwa na kuchanganywa na maji, ikachujwa kwa kitambaa, na mwenyeji akaimimina katika kiganja chake mwenyewe ili mgeni anywe humo. Kinywaji hicho ndicho kasumba, nacho kilinywewa arusini, katika suluhu baina ya koo zilizogombana, na katika kufunga ahadi. Kukataa kunywa katika kiganja cha mwenzio ilikuwa ni kukataa udugu. Neno lilipofika kwetu liliacha nyuma kiganja na udugu, likabaki na afyuni tu.

Na afyuni wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa ya dola. Kampuni ya Waingereza ya Bara Hindi iliisimamia Bengali, ikainadi Calcutta, na wafanyabiashara wakaipeleka China kinyume cha amri za mfalme wa huko. Mwaka 1839 waziri Lin Zexu alipokamata makasha zaidi ya 20,000 na kuyateketeza, vita vikazuka vilivyokwisha mwaka 1842 kwa China kuiachia Uingereza kisiwa cha Hong Kong. Watu waliozisikia habari za taifa zima kulazwa kwa ajili ya faida ya wengine hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza tashbihi hiyo. Wakati wa kupigania uhuru na baada yake, kasumba ilitoka katika kiko ikaingia katika hotuba: kasumba ya kikoloni ni ile fikira aliyopandikizwa mtu akaiona kuwa yake, akawa anatetea kilichomlaza. Leo kijana wa Dodoma hulitumia neno hili kila siku pasi na kujua kwamba babu zake walilijua kuwa jina la utomvu.

Hapana budi sasa tuwaingize wauzaji, maana karne ya 19 iliihamisha dawa ya usingizi kutoka shambani na kuipeleka maabarani, na kutoka mkononi mwa tabibu ikaipeleka kiwandani. Friedrich Sertürner, msaidizi wa muuza dawa huko Ujerumani, ndiye aliyetoa katika afyuni ile fuwele nyeupe iliyo nguvu yake. Aliijaribu juu ya nafsi yake na ya vijana watatu wasiozidi umri wa miaka 17, wakanywa mara tatu mfululizo kwa muda mfupi, wakalegea na kusinzia hata akahofia roho zao, akawanywesha siki kali ili watapike. Na katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1817 akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto katika hekaya za Wayunani, nayo ndiyo mofini. Hilo lilikuwa jina la kupendeza kwa dawa ambayo mvumbuzi wake aliijua kwa kutapika.

Baada yake zikaja etha, iliyotumika hadharani katika hospitali ya Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na klorofomu, ambayo James Young Simpson wa Edinburgh aliianzisha mwaka uliofuata. Zilipofika Afrika ya Mashariki, watu walioshuhudia hawakungoja kuambiwa majina ya kitaalamu. Walimwona ndugu yao amewekewa kitambaa puani, akahesabu, sauti ikafifia, mkono ukaanguka pembeni ya meza, akakatwa nyama asishtuke, na baadaye akafumbua macho akauliza maji ya kunywa. Walichukua nusu, lililokwisha kuwa la Kiswahili, na kaputi, ambalo Wajerumani hulisema kwa kitu kilichoharibika na Waswahili wakalisema kwa kufa, wakaunda nusukaputi. Sidhani kama kuna lugha iliyoitaja kazi ya mtaalamu wa usingizi kwa unyofu zaidi: mgonjwa hupelekwa nusu ya njia ya kwenda kuzimu, kisha hurudishwa, na ustadi wote umo katika kujua nusu ni wapi.

Wauzaji hawakuwa na haja ya unyofu wa namna hiyo. Kila dawa mpya ililetwa sokoni ikiwa na jina zuri na dai la kwamba haina deni la ile iliyotangulia. Klorali ilianza kulaza watu mwaka 1869 kwa juhudi za Oscar Liebreich wa Berlin, ikasifiwa kuwa salama kuliko afyuni, na baada ya miaka michache wakawapo watu wasioweza kulala bila hiyo. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilitoa dawa ya kikohozi iliyotengenezwa kwa mofini, ikaiita Heroin, kwa neno linaloashiria ushujaa. Nayo ndiyo inayojulikana Dar es Salaam na Mombasa kwa jina la unga. Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering wakaleta Veronal, jina ambalo husimuliwa kuwa limetokana na mji wa Verona, na mwaka 1912 ikafuata Luminal, lenye ndani yake maana ya nuru. Kwa Luminal lazima niseme haki: chini ya jina lake la kawaida, fenobabitoni, ingali inawazuia maelfu ya watu wenye kifafa wasianguke motoni na majini, na zahanati nyingi za vijijini hazina nyingine ya bei yake. Lakini zile za jamaa yake zilizouzwa kwa ajili ya usingizi ziliua watu wengi, wengine kwa makusudi na wengine kwa kusahau kwamba wamekwisha kumeza, au kwa kuzimeza juu ya pombe.

Basi wakatafuta tena kisichoua. Tarehe 1 Oktoba 1957 kampuni ya Grünenthal ilianza kuuza Ujerumani Magharibi kidonge kilichoitwa Contergan, ambacho mtu aliweza kukinunua bila cheti cha daktari. Ilisemekana kwamba hata akimeza vingi hafi, na hilo lilikaribia kuwa kweli kwa mmezaji mwenyewe. Waliopatwa walikuwa walio tumboni: kabla ya kuondolewa sokoni mwezi Novemba 1961, talidomaidi, kwani ndilo jina lake la kemia, ilikwisha kusababisha watoto wapatao 10,000 au zaidi duniani kuzaliwa na viungo pungufu. Marekani iliokoka kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, alikataa kutia sahihi hata aletewe ushahidi wa kutosha, ijapokuwa alisumbuliwa mara kwa mara na waliotaka kuiuza. Na ile iliyoitwa Mandrax, iliyouzwa Uingereza tangu mwaka 1965, chanzo chake ni kemikali iliyoundwa Bara Hindi mwaka 1951 katika kutafuta dawa ya malaria. Ilitangazwa kuwa haina ubaya wa ndugu wa Veronal, na mwisho wake ni kusagwa pamoja na bangi na kuvutwa katika shingo ya chupa iliyovunjika, mitaani mwa Afrika Kusini.

Mitaani ndiko majina ya aina ya tatu yanakozaliwa. Chicago, mwaka 1903, kilabu cha pombe cha mtu aliyeitwa Mickey Finn kilifungwa kwa shutuma kwamba wateja walitiliwa dawa katika vinywaji na kuporwa, na tangu hapo jina lake limekuwa la kinywaji chochote kilichotiwa dawa kwa siri. Nairobi haina haja ya kuazima jina hilo, kwani ina lake: mtu aliyeamka katika chumba asichokijua, simu hana, viatu hana, na kumbukumbu yake imeishia katika glasi ya pili, husemwa kwamba alitiliwa mchele. Naye mtumiaji wa unga katika miji ya Tanzania huitwa teja. Majina haya hayakuandikwa na daktari wala hayakuchapwa juu ya chupa, na hakuna hata moja linaloahidi kitu.

Sheria ilipokuja, ilileta jina moja la kuzikusanya dawa zote. Mkataba wa Hague wa mwaka 1912 ulishughulikia afyuni, mofini, kokeini na heroini. Ule wa New York wa mwaka 1961 ukaiunganisha mikataba iliyotangulia. Na ule wa Vienna wa mwaka 1971 ukaziongeza dawa za jamaa ya Veronal na nyinginezo za maabarani. Katika kuzitangaza kwa Kiswahili, Tanzania ilichagua dawa za kulevya, na Kenya ikachagua mihadarati, ambalo si neno geni kwetu: ni lile lile mukhaddir la Ibn Sina, limevaa wingi wa Kiarabu na kupita katika ndimi za pwani. Neno alilolitumia tabibu kumfunza mwanafunzi namna ya kupima limekuwa neno la hati ya mashtaka. Hata kokeini, ambayo humkeshesha mtu badala ya kumlaza, nayo inaitwa kwa jina hilo la ganzi.

Jina moja lililokusanya mno lina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mtu asiyekuwa na kosa. Mofini imo katika orodha ya sheria pamoja na heroini, na kwa hivyo yako mahospitali ambayo wahudumu wake huogopa kuiweka kabatini, na wako wagonjwa wa saratani waliomaliza siku zao kwa panadoli. Uganda ilichagua njia nyingine. Tangu shirika la Hospice Africa lilipoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, unga wa mofini umekuwa ukichanganywa na maji, ukatiwa katika chupa, na mgonjwa akauchukua nyumbani kwa kiasi alichoandikiwa. Na baadaye serikali ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa mahususi kuuandika wao wenyewe, maana vijiji vingi havikuwa na daktari. Hivyo ndivyo Ibn Sina alivyokusudia afyuni itumike, kwa mizani, kwa maumivu yanayojulikana, na kwa mtu mmoja anayejulikana.

Kwa hiyo naona kwamba muuguzi, mwandishi na hakimu wangefaidika kwa kutolitupa hata moja katika maneno waliyorithi. Ganzi na iitwe ganzi, usingizi uitwe usingizi, ulevi uitwe ulevi, na nusukaputi ibaki na jina lake, kwa kuwa kila neno katika hayo lina kiasi chake. Na anayeletewa kidonge kipya chenye jina la kupendeza ana haki ya kuuliza maswali ambayo jina halijibu: nimeze kiasi gani, kwa siku ngapi, na nitakapoacha kitanifanya nini.